Imani: jina la Kiswahili katika vyeti vya kuzaliwa vya Marekani

Ukiambiwa hapa Tanzania kwamba mgeni anayekuja anaitwa Imani, itabidi uulize kama ni mwanamume au mwanamke. Kwetu jina hili ni la wote. Marekani hakuna anayeuliza: Imani ni msichana, na mara nyingi ni msichana Mweusi. Tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba jina halikupelekwa kule na wahamiaji wa kutoka Tanga au Mombasa. Lilitafutwa kwa makusudi na watu waliokuwa na kiu ya jina la Kiafrika. Kiswahili hakijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo ng'ambo, na sidhani kama tumeithamini inavyostahili.

Habari yenyewe inaanzia Los Angeles. Agosti 1965 mtaa wa Watts ulilipuka kwa ghasia zilizoua watu 34 katika muda wa siku sita. Katika vumbi la msiba huo, kijana aliyezaliwa Maryland kwa jina la Ronald Everett, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni, alishiriki kuanzisha jumuiya ya Weusi iliyoitwa US. Yeye mwenyewe alijiita Maulana Karenga. Mwaka uliofuata akaasisi sikukuu ya Kwanzaa, iliyosherehekewa kwa mara ya kwanza kuanzia 26 Desemba 1966 hadi 1 Januari 1967. Aliipa misingi saba, yote kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani.

Nyumbani sikukuu hiyo huwekwa juu ya mkeka. Juu yake husimama kinara chenye mishumaa saba, mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande mmoja na mitatu ya kijani upande wa pili. Pembeni huwekwa muhindi mmoja kwa kila mtoto wa nyumba. Kila jioni huwashwa mshumaa mpya, na msingi wa siku hiyo hutajwa kwa sauti. Imani ndiyo ya mwisho, siku ya mwaka mpya, siku ambayo watoto hupewa zawadi, na wenyewe huziita hivyohivyo, zawadi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo alilijua neno imani kabla hajajua Dar es Salaam iko wapi.

Wapo waliohoji kwa nini Kiswahili, maana mababu wa Wamarekani Weusi walitoka kwa wingi Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kwangu haina uzito. Karenga alitaka lugha isiyo ya kabila moja, na miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya nchi zilizotoka kujikomboa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam. Malcolm X alifika mji huo Oktoba 1964. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika juu ya ujamaa tangu 1962, na neno hilo likawa msingi wa Kwanzaa hata kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Tena mtu ambaye ukoo wake ulinyang'anywa majina na mwenye shamba, akaitwa apendavyo bwana wake, hawezi kudaiwa hati ya ukoo kabla ya kuruhusiwa kuchagua.

Watu wazima ndio waliotangulia. Mshairi LeRoi Jones akawa Amiri Baraka, na Don L. Lee akawa Haki Madhubuti. Mwalimu Leslie Campbell wa Brooklyn, mmoja wa waasisi wa shule iliyoitwa Uhuru Sasa, akawa Jitu Weusi. Hao walijibadilisha wenyewe, wakijua gharama yake. Kumpa mtoto mchanga jina ni jambo jingine, kwa sababu yeye ndiye atakayelibeba shuleni na kazini.

Na hapo Imani likawashinda wenzake wengi katika ile misingi saba. Kujichagulia halitamkiki kirahisi katika kinywa cha mtu wa Chicago. Imani lina silabi tatu nyepesi, na mkazo hubaki palepale tunapouweka sisi. Zaidi ya hayo, lilikubalika kanisani. Bibi Mbaptisti asiyejali siasa za akina Karenga alipoelezwa maana yake, hakuwa na la kupinga. Karenga mwenyewe alihukumiwa mwaka 1971 kwa kuwashambulia wanawake wa jumuiya yake, kosa alilolikana. Kina mama hawakuliacha jina kwa sababu hiyo. Lilikuwa limeshatoka mikononi mwake.

Mwaka 1988 filamu ya Coming to America ya Eddie Murphy ililifikisha jina hilo kwenye majumba ya sinema ya nchi nzima. Imani wa filamu hiyo, aliyeigizwa na Vanessa Bell, ni bibi harusi aliyelelewa tangu utotoni kumtii mwana wa mfalme katika kila kitu, hata akiambiwa aruke kwa mguu mmoja na kubweka. Binafsi naona ni dhuluma kwa jina lililotokana na vuguvugu la kujikomboa.

Gharama niliyoitaja baadaye ilipimwa. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao: walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 huko Boston na Chicago, yenye sifa zinazolingana, majina tu yakitofautiana. Wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Imani halikuwa kwenye orodha yao, ila Aisha na Kenya yalikuwamo. Wazazi wanayajua hayo, na bado Imani limeendelea kuandikwa.

Limewafungulia njia na wengine. Zuri, neno ambalo kwetu mara nyingi halisimami bila kiambishi, sasa ni jina kamili la msichana kule, na tamthilia ya watoto ya Disney iitwayo Jessie, iliyoanza 2011, ilikuwa na mhusika wa jina hilo, mtoto aliyeasiliwa kutoka Uganda.

Miaka ya karibuni jina lilifika Marekani kwa njia ya pili. Wakimbizi wa Kongo, wakiwamo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, walikuwa hadi 2024 miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa nchini humo, na wengi walipelekwa Kentucky na Texas. Walikuja na akina Furaha, akina Neema na akina Imani, na miongoni mwa Imani hao wamo wavulana.