Zege la zamani lina nondo gani ndani?

Haya wadau, leo tuiweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie nondo. Ndiyo, nondo hizi hizi ambazo fundi hukupigia simu kwamba zimepungua wakati umenunua juzi tu.

Chukulia jengo la mwaka 1906. Mwenye nalo mpya anataka kujaza makabati ya vitabu ghorofa ya pili. Je, boriti zitabeba? Ramani zimepotea, waliojenga wamekufa, na zege ukilitazama kwa nje ni zege tu. Zege linavumilia sana kubanwa, ila likivutwa linapasuka, na boriti ikibeba mzigo upande wake wa chini unavutwa. Kinachoishikilia pale ni chuma, na chuma hukioni. Mhandisi akikisia kidogo mno, jengo zima linabomolewa bure. Akikisia kikubwa mno, watu wanaweza kufa.

Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi, lakini nimesoma sana habari hizi na naona chanzo cha fumbo ni biashara. Siku hizi nondo zina viwango. Enzi zile kila mvumbuzi alikuwa na chuma chake na hati miliki yake, na kila mmoja akidai cha mwenzake ni takataka.

Ernest Ransome, Mwingereza aliyehamia San Francisco, alipata hati miliki mwaka 1884 kwa pau la mraba lililosokotwa kama kamba ili zege liling'ang'anie. Daraja lake dogo la Alvord Lake, la mwaka 1889, bado limesimama katika bustani ya Golden Gate. Mfaransa François Hennebique, kwa hati ya mwaka 1892, alitumia nondo za mviringo zisizo na meno, ncha zake zimepasuliwa kama mkia wa samaki. Baadhi ya nondo zilikunjwa kupanda juu karibu na nguzo, na ringi zake zilikuwa vipande vya bamba jembamba. Jamaa alijua kujitangaza: alikuwa na mawakala nchi nyingi, na tangu 1898 akawa na jarida lake mwenyewe kuhusu zege tu!

Lakini kiboko yao ni Julius Kahn wa Detroit, mwaka 1903. Pau lake lina umbo la almasi na mabawa mawili ubavuni. Mabawa yalichanwa na kuinuliwa kwa mshazari, nyuzi 45, yafanye kazi ya ringi. Kaka yake, msanifu Albert Kahn, alilitumia mfumo huo kwenye jengo namba 10 la kiwanda cha magari cha Packard, mwaka 1905.

Sasa njoo na kifaa cha leo. Kipo cha sumaku, unakipitisha juu ya boriti kinakuambia chuma kipo wapi na kina kirefu gani. Kizuri sana, ila kwenye kukadiria unene kinadhania nondo ni ya mviringo. Pau la Ransome la inchi moja kwa inchi moja lina eneo la milimita za mraba 645. Nondo ya mviringo ya inchi moja ina 507. Yaani umeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya chuma kwenye karatasi, kabla hujaanza hesabu. Kwa Kahn makosa yanageuka: pale mabawa yalipoinuliwa, chuma cha chini kimepungua, na ukihesabu pau zima umejidanganya. Tena ukitafuta ringi za wima hutaziona, uandike kwamba hazipo.

Kwa hiyo hakuna ujanja, lazima zege lichokolewe sehemu chache ili chuma kionekane kwa macho. Hapo hapo wananyunyizia dawa ya fenoftaleini: zege likigeuka waridi, bado linakinga chuma na kutu. Likibaki vilevile, kinga imeisha. Kisha unakatwa mfupi wa chuma upelekwe maabara uvutwe mpaka ukatike. Nondo za chini hukatwa karibu na mwisho wa boriti, ambako kwa kawaida hazivutwi sana, si katikati!

Kwa nini maabara? Kwa sababu kiwango cha kwanza cha Marekani cha nondo za zege kilitoka mwaka 1911, na daraja lake la chini lilianza kulegea kwenye megapaskali 228 hivi. Nondo za kawaida za huko leo ni 414. Kabla ya 1911 kila kiwanda kilipika chuma kivyake, na aliyesokota pau likiwa baridi, kama Ransome, aliliongezea nguvu. Jedwali la kitabuni halikusaidii hapo.

Boriti za Hennebique ndizo zina afadhali kidogo. Kampuni yake ilitunza michoro na hesabu za kazi zake, na kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Paris. Mhandisi mwenye bahati anaanzia huko kabla hajashika nyundo.