Will Marion Cook na Kinyago cha Jukwaa la Broadway

Historia ya tamthilia ya muziki nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianzia kwa watunzi wa miaka ya 1920. Masimulizi hayo humwacha nje Will Marion Cook (1869–1944), mtunzi aliyefundishwa muziki wa Ulaya kwa kina kuliko wengi waliomfuata, lakini akapata umaarufu kwa nyimbo za jukwaa la vichekesho. Ukinzani huu ndio kiini cha kazi yake, na mhakiki hauepuki kwa kumwita Cook shujaa wala kwa kumwita msaliti.

Cook alizaliwa Washington, mtoto wa mwanasheria aliyefundisha katika Howard University na mama aliyesoma Oberlin. Alijifunza fidla Oberlin, kisha Berlin, na baadaye akasoma katika National Conservatory ya New York, wakati ilipoongozwa na Antonín Dvořák. Duke Ellington alikuwa akisimulia kwamba Cook aliivunja fidla yake baada ya mwandishi wa gazeti kumsifu kuwa mpigaji bora miongoni mwa Weusi, ilhali yeye alijihesabu bora pasipo nyongeza hiyo. Kisa hiki kina sura ya ngano zaidi ya ushahidi. Hata hivyo, kinadokeza hali halisi: okestra za Marekani hazikuwa na kiti kwa mtu mweusi. Jukwaa la burudani lilikuwa nacho, ila kilikuwa kiti cha mchekeshaji. Tangu miaka ya 1830, Wazungu walikuwa wamejipaka masizi usoni na kuwaigiza Weusi kama mabaradhuli na wajinga. Msanii mweusi aliyetaka kula kwa sanaa yake alitakiwa akivae kinyago hicho hicho.

Mnamo 5 Julai 1898, Cook alifungua Clorindy, or The Origin of the Cakewalk juu ya paa la Casino Theatre, New York. Maneno yalikuwa ya mshairi Paul Laurence Dunbar. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1947 baada ya kifo chake, Cook anaeleza kwamba wawili hao walizitunga nyimbo hizo usiku mmoja, na kwamba mama yake aliposikia wimbo mmojawapo alilia: hakuwa amemsomesha mwanawe ng'ambo ili arudi na lugha ya mashambani. Kilio hicho kina uzito wa kihakiki. Kwa tabaka lake la wasomi, lahaja ya Weusi ilikuwa alama ya utumwa. Kwa Cook ilikuwa mali ghafi ya sanaa mpya. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, kwani maneno yale yale yaliweza kusikika kama sauti ya watu au kama kejeli dhidi yao, kulingana na aliyeketi kusikiliza.

Ngoma ya cakewalk yenyewe inalidhihirisha jambo hili. Kwa mujibu wa mapokeo, watumwa waliibuni wakidhihaki madaha ya mabwana zao. Wazungu wa jukwaani wakaiiga bila kutambua kuwa wao ndio waliochekwa. Cook aliirejesha kwa waigizaji weusi, akawafanya wacheze na kuimba kwa pamoja, kwa mapigo yaliyokatizwa na sauti zilizopangwa kwa ustadi wa kwaya. Mazungumzo ya Dunbar hayakusalimika, maana paa la wazi halikuyafaa. Zilibaki nyimbo na miondoko.

In Dahomey, iliyofunguliwa Broadway 18 Februari 1903, ilikuwa kazi ndefu zaidi. Jesse Shipp aliandika mazungumzo. Bert Williams na George Walker waliongoza uigizaji. Ilichezwa mara 53, huku watazamaji weusi wakitengewa ghorofa ya juu, kisha ikavuka hadi London na kuigizwa Buckingham Palace 23 Juni. Hadithi yake inahusu mpango wa kuwahamishia Weusi Afrika. Ajabu ni kwamba Dahomey, ambayo Ufaransa ilikuwa imekwisha kuiteka mwanzoni mwa miaka ya 1890, inatajwa kuliko inavyoonekana: ni jina la ndoto na la utapeli. Hapa mhakiki wa Kiafrika ana haki ya kulalamika. Lakini asikilize pia wimbo wa sikukuu ya ukombozi, unaodai kwamba siku hiyo Wazungu hutamani kupita kama Weusi. Masizi yanageuzwa dhidi ya mwenye kuyabuni, na ukumbi mzima unacheka.

Abyssinia (1906) iliwapeleka wahusika Ethiopia ya Menelik, miaka 10 baada ya Adwa, na Bandanna Land ikafuata 1908. Baada ya ugonjwa na kifo cha Walker (1911), kundi lilikuwa limekwisha kusambaratika. Cook alirudi kwenye uongozi wa okestra, akaipeleka Southern Syncopated Orchestra London mwaka 1919, Sidney Bechet akiwa miongoni mwa wapigaji wake.

Mwanawe, Mercer Cook, alizaliwa wiki chache tu baada ya In Dahomey kufunguliwa. Mwaka 1961 alikuwa balozi wa Marekani nchini Niger, jirani wa Dahomey halisi, na mwaka 1974 ilitoka tafsiri yake ya Kiingereza ya maandishi ya Cheikh Anta Diop kuhusu asili ya Kiafrika ya ustaarabu.