Wanawake wa Ireland na hofu ya sheria katika utoaji mimba kwa njia ya intaneti

Kwa muda mrefu, mwanamke wa kisiwa cha Ireland aliyetaka kutoa mimba alilazimika kufunga safari hadi England. Aliyekosa nauli, ruhusa kazini au mtu wa kumwachia watoto hakuwa na pa kukimbilia.

Katika Jamhuri ya Ireland, marekebisho ya Katiba ya mwaka 1983 yalilinganisha haki ya kuishi ya mama na ya mtoto aliye tumboni. Sheria ya mwaka 2013 iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14. Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, ilifuata sheria ya mwaka 1861, ambayo adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha.

Mwaka 2005 daktari wa Uholanzi, Rebecca Gomperts, alianzisha shirika la Women on Web. Mwanamke alijibu maswali ya kitabibu kwenye intaneti, daktari akayapitia, kisha dawa mbili, mifepristoni na misoprostoli, zikatumwa kwa posta kwa aliye katika wiki za mwanzo za ujauzito. Maelekezo na ushauri vilitolewa kwa barua pepe. Kati ya mwaka 2010 na 2015, wanawake 5,650 wa sehemu hizo mbili waliomba huduma hiyo.

Utafiti ulioongozwa na Abigail Aiken, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, ulichunguza taarifa za wanawake 1,000 waliotumia dawa hizo. Ulibaini kuwa asilimia 94.7 walimaliza bila kuhitaji upasuaji. Saba waliongezewa damu na 26 walipewa dawa za kuua vijidudu. Hakuna kifo kilichoripotiwa.

Aidha, asilimia 97 walisema uamuzi wao ulikuwa sahihi, na asilimia 70 walieleza kuwa walijisikia nafuu.

Hata hivyo, usalama wa dawa haukuondoa mashaka mengine. Katika Jamhuri, maofisa wa forodha walikamata vifurushi, hivyo baadhi ya wanawake walitumia anwani za Ireland Kaskazini na kuvuka mpaka kuchukua dawa. Kila siku ya kusubiri ilikuwa na uzito wake, kwa kuwa umri wa mimba uliendelea kusogea.

Wanawake wa Ireland Kaskazini waliohojiwa na watafiti walieleza upweke na woga wa kushitakiwa. Wapo waliositasita kumweleza daktari ukweli, ingawa ni yeye ambaye wangemhitaji endapo damu ingetoka kupita kiasi. Wakati huohuo, wengine walisema waliona heri kubaki nyumbani kwao kuliko kusafiri na maumivu katika nchi ya ugenini.

Woga huo haukuwa wa kufikirika. Aprili 2016, mahakama mjini Belfast ilimhukumu mwanamke wa miaka 21 kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa. Alikuwa amenunua dawa kwenye intaneti baada ya kukosa fedha za kwenda England. Waliomripoti polisi walikuwa watu aliokaa nao nyumba moja.

Mei 25, 2018, wapigakura wa Jamhuri ya Ireland waliyafuta marekebisho ya mwaka 1983 kwa asilimia 66.4. Huduma ilianza kutolewa kisheria Januari 1, 2019, kwa mimba isiyozidi wiki 12. Ireland Kaskazini, vifungu vya sheria ya mwaka 1861 vilivyowatia wanawake hatiani viliondolewa Oktoba 22, 2019.

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipozuia watu kukutana, Jamhuri ya Ireland iliruhusu madaktari kuwashauri wanawake hao kwa simu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilipendekeza ushauri wa mbali kuwa njia mbadala ya kutoa huduma hiyo.

Dawa ni zilezile, na mwanamke bado huzitumia nyumbani. Kilichobadilika ni kwamba akipata tatizo anaweza kumpigia daktari na kumweleza ukweli wote, pasipo kuhofia polisi.