Ruta mpya, intaneti imetoweka

Ruta ikibadilishwa na mawasiliano yakakatika, wengi hudhani chombo kipya ni kibovu. Mara nyingi ni kizima, ila hakijatambuliwa.

Katika nyumba zinazotumia intaneti ya kebo, jambo la kawaida nchini Marekani, modemu nyingi hukariri anwani ya MAC ya kifaa cha kwanza kilichounganishwa nazo na kukikataa kingine. Zima modemu na ruta, chomoa waya za umeme, subiri dakika chache, kisha washa modemu kwanza. Taa zake zikitulia ndipo uwashe ruta. Modemu yenye betri ya akiba haizimiki kwa kuchomoa waya tu. Betri nayo itolewe.

Kwa intaneti ya laini ya simu, baadhi ya kampuni hudai jina la mteja na neno la siri la PPPoE. Ruta ya zamani iliyahifadhi, mpya haiyajui. Yaulize kabla hujaitupa ile ya zamani.

Je, kompyuta iliyounganishwa na ruta inaonyesha anwani inayoanza na 169.254? Imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Tatizo limo ndani ya nyumba, kwa hiyo usihangaike kuipigia kampuni simu.

Printa huchelewa kukumbukwa. Iliyopewa 192.168.1.20 kwa mkono haitaonekana iwapo ruta mpya hugawa anwani za 192.168.0. Simu ni rahisi zaidi: nyingi hujiunga zenyewe ruta mpya ikipewa jina na neno la siri la zamani.