Jasho la Shavuni na Daktari wa Lwów

Shavu la mgonjwa linapakwa iodini, kuanzia mbele ya sikio hadi kwenye taya. Ikikauka, linanyunyiziwa unga wa wanga, kisha mgonjwa anapewa kipande cha limau anyonye. Haichukui muda. Vitone vya buluu iliyokoza vinajitokeza kwenye ule weupe, vinaungana, na shavu linakuwa kama limemwagikiwa wino. Ni jasho. Limau liko mdomoni, shavu ndilo linalolowa.

Hali hii huwapata watu waliopasuliwa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ile ile inayovimba mtoto akiugua matumbwitumbwi. Neva zinazoiamuru tezi itoe mate hukatwa. Miezi kadhaa baadaye huchipua upya, zikapotea njia na kuingia kwenye tezi za jasho. Tezi zote hizo hutii kemikali moja, asetilikolini, kwa hiyo amri ya mate huzaa jasho.

Mwaka 2023 ilitimia karne moja tangu Łucja Frey achapishe makala iliyoipa hali hiyo jina lake. Alizaliwa mwaka 1889 huko Lwów, mji uliokuwa chini ya Austria, leo Lviv ya Ukraine. Alikuwa katika kliniki ya maradhi ya neva ya Kazimierz Orzechowski mjini Warsaw alipoletewa askari kijana wa Poland. Risasi ilikuwa imemjeruhi karibu na tezi ya mate, kidonda kikatunga usaha, kikapona. Tangu hapo, kila alipokula, upande huo wa uso uligeuka mwekundu na kutoka jasho. Frey aliipima ngozi ile hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba eneo la jasho ni eneo la neva moja inayopita mbele ya sikio kuelekea panjani.

Lakini kuna ugomvi kuhusu nani aliyeieleza hali hii kwanza. Wapo wanaosema Mfaransa Duphenix alitangulia, mwaka 1757, kwa habari za mtu aliyejeruhiwa shavuni. Wengine wanamtaja Baillarger, 1853. Lakini waliorudia kuyasoma maandishi ya Duphenix wanaona kinachoelezwa ni mate yaliyovuja kupitia jeraha. Baillarger naye aliona majimaji shavuni akayadhania kuwa mate yaliyozibiwa njia. Kuona umajimaji ni jambo moja. Kuufuata hadi kwenye neva ni jambo jingine, na hilo alilifanya Frey. Sioni sababu ya kumpunguzia haki yake.

Baadaye alirudi Lwów na mumewe, mwanasheria Marek Gottesman. Walikuwa Wayahudi. Utawala wa Kisovieti ulimkamata mume. Wajerumani walipouteka mji, Frey alifungiwa ghetto, akaendelea kutibu wagonjwa humo. Habari zake zinakomea mwaka 1942, mwaka ambao Wayahudi wa Lwów walisombwa kwa maelfu kupelekwa kuuawa katika kambi ya Bełżec. Alikuwa na umri wa miaka 50 na ushei.

Tangu miaka ya 1990 madaktari hudunga sumu ya botulinamu kwenye ngozi, jasho likanyamaza kwa miezi mingi. Hata hivyo, mgonjwa anayetia saini ya kukubali upasuaji anastahili kuambiwa mapema kuhusu jasho hili. Asipoambiwa, atakaa mezani na wanawe, afute shavu kwa leso katikati ya chakula, asijue amepatwa na nini.