Tanzania na Ujerumani mbili: mtihani wa mwaka 1965

Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, taifa jipya lilirithi ugomvi usiokuwa wake. Dar es Salaam kulikuwa na ubalozi wa Ujerumani Magharibi. Unguja, tangu Mapinduzi ya Januari, Ujerumani Mashariki ilikuwa imefungua wake. Na serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn ilikuwa na sera iliyoitwa ya Hallstein, kwamba nchi yoyote ikiitambua Ujerumani Mashariki, misaada na urafiki vimekwisha.

Kila upande wa Muungano ulikuwa na sababu ya kukaza kamba. Marekani na Uingereza zilisitasita hadi mwishoni mwa Februari kuitambua serikali ya mapinduzi ya Mzee Karume huko Zanzibar, ilhali Wajerumani Mashariki walikuja mapema na baadaye wakajenga maghorofa Kikwajuni. Kuwafukuza kungekuwa utovu wa shukrani. Bara nako, maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalikuwa yameilazimisha serikali kuvunja jeshi na kuanza upya, na waliokuwa wakifundisha kikosi cha anga na wanamaji walitoka Bonn.

Kwa miezi kadhaa Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati. Februari 1965 akaipata: ubalozi wa Unguja ufungwe, Ujerumani Mashariki ipewe konseli kuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa haki, maana haukumdhalilisha yeyote.

Bonn haikuridhika. Iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi mara moja, huku misaada iliyobaki ikining'inizwa kama fimbo. Mwalimu akajibu kwamba, ikiwa msaada ni wa kununulia sera ya nchi, basi Bonn iuchukue wote. Tusilipite jambo hili haraka. Nchi ilikuwa na zaidi kidogo ya miaka mitatu ya uhuru, hazina yake nyembamba, na mradi uliositishwa ulikuwa wa ulinzi wenyewe.

Nafasi ya wakufunzi wa anga ikajazwa na Wakanada. Kwa askari wa miguu walikuwapo Wachina, na Juni mwaka huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaitembelea Dar es Salaam. Magharibi wapo waliosema Tanzania imemezwa na Wakomunisti. Walisahau kwamba jeshi hilohilo lilifundishwa na nchi mwanachama wa NATO.

Desemba 1965 bei ya msimamo huo ikapanda. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kuvunja uhusiano na Uingereza isipomwangusha. Nchi nyingi zilizopiga kura hazikutekeleza. Tanzania ilitekeleza, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, na Smith akabaki madarakani miaka mingi. Wanaosema hasara ilizidi faida wana hoja. Hata hivyo, wapigania uhuru waliokimbilia Dar es Salaam walijua tangu hapo kwamba ahadi ya mwenyeji wao haikuwa ya mdomoni.

Mwaka 1967 China ilikubali kujenga reli ya TAZARA, ya kuunganisha Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, ambayo Benki ya Dunia ilikuwa imeikataa. Lakini kambi ya Mashariki nayo haikuachiwa kufanya ipendavyo: Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti vilipoingia Czechoslovakia, Tanzania iliulaani uvamizi huo hadharani.