Mgambo katika Ulinzi wa Mtaa: Mamlaka na Mipaka Yake

Mgambo ni askari wa akiba aliyepitia mafunzo maalumu, na mara nyingi hutumiwa na halmashauri kusimamia sheria ndogo za usafi, biashara na ujenzi.

Sheria ya mwaka 1975 ilimpa mgambo aliye kazini mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya askari polisi. Mwaka 1989 Bunge lilifanya marekebisho yaliyoviingiza katika utaratibu huo vikundi vya ulinzi vya wananchi, maarufu kama sungusungu. Vikundi hivyo vilianza mapema miaka ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, ambako wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha wafugaji.

Hata hivyo, kukamata si kuadhibu, na hapa ndipo wengi hukosea. Aliyekamatwa kwa kosa la jinai hupelekwa kituo cha polisi bila kucheleweshwa. Kumtia hatiani ni kazi ya mahakama. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa. Kwa hiyo, mgambo anayempiga machinga, au kumwaga chakula cha mama lishe kwa hasira, hawezi kujitetea kwamba alitumwa.

Mwananchi aliyetendewa hivyo awasilishe malalamiko yake kwa mtendaji wa kata au mkurugenzi wa halmashauri. Aliyejeruhiwa atoe taarifa polisi na kuchukua fomu ya PF3, kwa kuwa fomu hiyo hutumika kama ushahidi shauri linapofika mahakamani.